Muundo wa Faili za Ofisi Unapokuwa Suala la Serikali: Yaliyojiri Kuanzia Massachusetts Hadi London

Septemba 21, 2005 Idara ya Teknolojia ya Habari ya Jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, ilitoa toleo jipya la mwongozo wa kiufundi unaosimamia mifumo ya kompyuta katika ofisi za Serikali ya jimbo hilo. Ndani ya mwongozo huo kulikuwa na kifungu kilichoelekeza kuwa ifikapo Januari 1, 2007 nyaraka za ofisi zote zilizo chini ya Gavana ziwe zinahifadhiwa katika miundo ya faili iliyo wazi: muundo wa OpenDocument, unaofahamika kwa kifupi kama ODF, kwa nyaraka zinazoendelea kuandikwa na kuhaririwa, na PDF kwa nyaraka zilizokwisha kukamilika.

Kwa mtazamo wa haraka lilikuwa jambo la mafundi, la kujadiliwa na kumalizwa katika chumba cha mitambo. Haikuwa hivyo. Katika miezi michache iliyofuata suala hilo lilifika mbele ya Seneti ya jimbo, likawagusa watu wasioona, likaandikwa magazetini na hatimaye Mkuu wa Teknolojia wa jimbo akajiuzulu. Miaka miwili baadaye mvutano huohuo ulikuwa umehamia Geneva, ambako mashirika ya viwango ya nchi nyingi yalitakiwa kupiga kura.

Kilichokuwa kikibishaniwa kinamhusu kila mwananchi anayepakua fomu kutoka katika tovuti ya Serikali, anayetunza hati ya kiwanja katika kompyuta yake au anayetarajia kuwa kumbukumbu za leo zitasomeka wakati wajukuu wake watakapozihitaji.

Faili ya kompyuta haihifadhi herufi pekee. Barua iliyoandikwa kwa kompyuta hubeba maneno pamoja na maelezo mengi yasiyoonekana: kichwa cha habari kianze wapi, neno lipi limekolezwa, jedwali lina safu ngapi, picha ikae upande gani wa ukurasa. Kanuni inayoamua namna maelezo hayo yanavyopangwa ndani ya faili ndiyo huitwa muundo wa faili. Programu inayoijua kanuni hiyo hufungua barua ikaonekana kama ilivyoandikwa. Programu isiyoijua huonyesha alama zisizoeleweka, au hukataa kabisa kuifungua.

Katika miaka ya 1980 na 1990 kila kampuni ya programu ilikuwa na kanuni zake. WordStar ilikuwa na muundo wake, WordPerfect ilikuwa na wake, na Microsoft Word, ambayo hatimaye iliyapiku mengine yote, ilihifadhi nyaraka katika muundo wenye kiendelezi cha .doc. Kwa miaka mingi maelezo kamili ya muundo huo hayakutolewa hadharani kwa kila aliyeyataka. Kampuni nyingine zilizotaka programu zao zifungue faili za .doc zililazimika kuzichunguza faili hizo kipande kwa kipande na kukisia maana yake, kazi iliyofanikiwa kwa sehemu kubwa lakini si yote. Yeyote aliyepokea waraka tata kutoka ofisi nyingine katika miaka hiyo anakumbuka majedwali yaliyovurugika na kurasa zilizoongezeka bila sababu.

Hapo ndipo ugumu wa Serikali ulipo. Mfanyabiashara anayeandika kwa programu fulani anaweza kuibadilisha na kubeba hasara mwenyewe. Serikali ikitoa fomu, taarifa au rasimu ya sheria katika muundo unaojulikana kikamilifu na kampuni moja tu, inamwambia mwananchi, pasipo kutamka, kuwa anunue bidhaa ya kampuni hiyo ndipo awasiliane na Serikali yake. Zaidi ya hapo, umri wa nyaraka za Serikali haulingani na umri wa programu. Hati ya ardhi, mwenendo wa kesi au daftari la mazishi vinaweza kuhitajika baada ya miaka sabini, ilhali programu nyingi za ofisi hazikudumu hata ishirini.

Eric Kriss, aliyekuwa Waziri wa Utawala na Fedha wa Massachusetts, alilieleza jambo hilo kwa msingi wa mamlaka ya dola. Hoja yake ilikuwa kwamba nyaraka za umma ni mali ya wananchi, na haifai zifungiwe katika muundo ambao leseni ya kampuni binafsi inaweza kuzuia usisomwe baadaye. Peter Quinn, Mkuu wa Teknolojia wa jimbo, ndiye aliyekabidhiwa jukumu la kuigeuza hoja hiyo kuwa utaratibu wa kazi.

ODF waliyoichagua ilikuwa na asili ya Ujerumani. Katika miaka ya 1980 kampuni ya StarDivision, iliyoanzishwa na kijana Marco Börries, ilitengeneza programu ya ofisi iliyokuja kujulikana kama StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua StarDivision, na mwaka uliofuata ikauweka wazi msimbo wa programu hiyo kupitia mradi wa OpenOffice.org ili mtu yeyote aweze kuutumia na kuuboresha. Muundo wa faili za programu hiyo ulipelekwa OASIS, taasisi inayoandaa viwango vya teknolojia ya habari, ambako kamati ilianza kuufanyia kazi mwishoni mwa mwaka 2002. Mei 2005 OASIS iliupitisha kuwa kiwango chake, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa kwa namba ISO/IEC 26300.

Mwenye kompyuta anaweza kujionea mwenyewe maana ya neno "wazi" hapa. Atengeneze nakala ya waraka wowote wenye kiendelezi cha .odt, kisha abadilishe kiendelezi cha nakala hiyo kuwa .zip na kuifungua. Atakuta kuwa kilichoonekana kama faili moja ni kifurushi chenye faili kadhaa ndani yake. Mojawapo inaitwa content.xml, nayo ndiyo inayobeba maneno ya waraka. Nyingine, styles.xml, inabeba maelezo ya mwonekano, na meta.xml inataja tarehe ya kuandikwa na taarifa nyingine za utambulisho. Picha hukaa katika folda yake. Akiifungua content.xml kwa programu rahisi kabisa ya kusomea matini, ataona sentensi zake zilezile, zimezungukwa na alama zinazoeleza hapa ni aya, hapa ni kichwa cha habari, hapa ni seli ya jedwali.

Jambo hilo ni dogo kulitazama, lakini ndilo kiini cha suala lote. Hata kama programu zote za ofisi zilizopo leo zingetoweka, fundi wa miaka mingi ijayo mwenye kifurushi hicho na nakala ya kiwango kilichochapishwa ataweza kuandika programu mpya itakayousoma waraka. Hatahitaji ruhusa ya mtu, wala hatalazimika kukisia.

Uchapishaji wa kanuni peke yake, hata hivyo, hautoshi kuufanya muundo uwe huria. Katika mijadala ya Massachusetts na ya nchi zilizofuata yalijitokeza masharti mengine mawili. La kwanza ni kwamba mwenye hataza asiwe na haki ya kumdai malipo au kumshtaki anayetengeneza programu ya kusoma muundo huo. La pili, ambalo ni gumu zaidi kulipima, ni kwamba mabadiliko ya kanuni yaamuliwe katika chombo ambamo hakuna kampuni moja yenye kauli ya mwisho. Muundo unaochapishwa leo na kubadilishwa kesho kwa matakwa ya mwenye nao ni wazi kwa siku ile tu ulipochapishwa.

Upinzani ulikuja kutoka pande mbili, na haifai kuzichanganya. Upande mmoja ilikuwa kampuni ya Microsoft, iliyodai kuwa jimbo lilikuwa linaipendelea bidhaa ya aina moja na kuifungia nje programu iliyokuwa tayari ikitumika katika ofisi zake nyingi. Upande wa pili walikuwa watumishi na wananchi wenye ulemavu, hasa wasioona. Hao hutumia kompyuta kwa msaada wa visomaji vya skrini, yaani programu zinazotamka kwa sauti kilichoandikwa. Mwaka 2005 visomaji hivyo vilifanya kazi vizuri na programu za Microsoft, na vibaya au kutofanya kazi kabisa na programu zilizotumia ODF. Kwa mtumishi asiyeona, agizo lililonuia kumfungulia kila mtu mlango lingeweza kumfungia yeye mlango wa ofisi yake mwenyewe.

Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na waliouandika mwongozo hawakuwa wameyazingatia vya kutosha mwanzoni. Yalisikilizwa hadharani Oktoba 31, 2005 katika kikao cha Seneti ya jimbo kilichoongozwa na Seneta Marc Pacheco. Jibu lake lilikuja kwa njia mbili: jimbo liliamua kutumia viunganishi vinavyoiwezesha Microsoft Office yenyewe kufungua na kuhifadhi faili za ODF, hivyo anayehitaji kisomaji chake aendelee nacho, na OASIS ikaunda kikundi cha kushughulikia mahitaji ya watu wenye ulemavu, ambacho mapendekezo yake yaliingizwa katika ODF 1.1 iliyopitishwa Februari 2007. Miongoni mwa matunda yote ya mzozo wa Massachusetts, pengine hili ndilo linalostahili kukumbukwa zaidi, ingawa hutajwa mara chache.

Quinn hakuwepo kuyaona. Novemba 2005 gazeti la Boston Globe liliandika kuhusu safari zake za kuhudhuria mikutano. Uchunguzi wa jimbo ulimsafisha, lakini mwishoni mwa Desemba alitangaza kujiuzulu.

Wakati hayo yakiendelea, Microsoft ilichukua hatua iliyobadilisha mwelekeo wa mjadala. Mwishoni mwa mwaka 2005 iliupeleka muundo wake mpya, Office Open XML, wenye viendelezi vya .docx, .xlsx na .pptx, kwenye taasisi ya viwango ya Ecma International. Muundo huu nao ni kifurushi cha zip chenye faili za XML ndani yake. Jaribio lililoelezwa hapo juu linafanya kazi kwa.docx pia. Desemba 2006 Ecma iliupitisha kuwa kiwango ECMA-376, kisha ukapelekwa ISO kwa utaratibu wa haraka.

Maelezo ya ODF yalikuwa takriban kurasa 700. Ya Office Open XML yalikuwa kama kurasa 6,000. Watetezi wake walisema kuwa wingi huo ulitokana na wajibu wa kubeba bila kupoteza kitu mabilioni ya nyaraka zilizokwisha kuandikwa kwa programu za zamani. Wakosoaji walijibu kuwa kanuni yenye urefu huo haiwezi kutekelezwa kikamilifu na mwingine yeyote zaidi ya aliyeiandika. Mfano waliopenda kuutoa ulihusu mwaka 1900. Kwa kalenda tunayoitumia mwaka huo haukuwa mrefu, kwa kuwa mwaka wa karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Februari yake iliishia tarehe 28. Lakini programu ya lahajedwali ya Lotus 1-2-3 iliuhesabu kuwa mrefu, na Excel ilipotengenezwa ilifuata kosa hilohilo ili faili za Lotus zihesabike sawasawa. Kosa la programu ya miaka ya 1980 likawa limeandikwa ndani ya kiwango kinachopelekwa kuwa cha dunia nzima, pamoja na Februari 29, 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo.

Katika ISO kila nchi huwakilishwa na taasisi yake ya viwango. Kwa Tanzania ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na kwa Kenya ni KEBS. Katika kura iliyofungwa Septemba 2007, Office Open XML haikupata kiasi cha kura kilichotakiwa. Mashirika yaliyopiga kura yaliwasilisha maoni takriban 3,500, nayo yakajadiliwa katika kikao cha siku tano mjini Geneva mwishoni mwa Februari 2008. Siku tano kwa maoni 3,500 ni muda mfupi kwa hesabu yoyote ile, na sehemu kubwa ya maoni hayo iliamuliwa kwa kura ya pamoja pasipo kujadiliwa moja moja. Baada ya kikao nchi kadhaa zilibadilisha msimamo na kiwango kikapita. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa kupinga utaratibu uliotumika. Rufaa hizo zilikataliwa, na Novemba 2008 kiwango kikachapishwa kwa namba ISO/IEC 29500.

Massachusetts haikuusubiri mwisho huo. Agosti 2007 ilitoa toleo jingine la mwongozo wake na kuiorodhesha Office Open XML pamoja na ODF. Wapo waliosema jimbo limerudi nyuma. Lakini kabla ya mwaka 2005 kanuni za faili za ofisi zilizotumika zaidi duniani hazikuwa zimechapishwa kama kiwango chochote; miaka mitatu baadaye zilikuwa zimechapishwa, na mwaka 2009 Microsoft Office 2007 yenyewe, kupitia nyongeza yake ya pili, ilianza kufungua na kuhifadhi ODF bila kiunganishi.

Ni vema kueleza pia kuwa ODF nayo haikuwa kamilifu. Matoleo yake ya kwanza yalieleza namna ya kuhifadhi lahajedwali bila kueleza kwa ukamilifu kanuni za hesabu zinavyoandikwa ndani ya seli zake. Programu mbili zilizofuata kiwango kilekile zingeweza kuiandika hesabu moja kwa namna tofauti, na mhasibu aliyehamisha faili kutoka programu moja kwenda nyingine alikuwa na sababu ya kuogopa. Pengo hilo lilizibwa katika ODF 1.2 iliyopitishwa na OASIS mwaka 2011.

Uingereza ilipofikia uamuzi wake Julai 22, 2014, ilikuwa na faida ya kuyaona yote hayo. Ofisi ya Baraza la Mawaziri, chini ya Waziri Francis Maude, iliziagiza taasisi za Serikali kuzigawa nyaraka kwa kuangalia kile mpokeaji anachotarajiwa kufanya nazo. Waraka wa kusoma tu utolewe kama ukurasa wa wavuti, yaani HTML, au kama PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya kuhifadhi kumbukumbu za muda mrefu, ambayo hulazimisha fonti ziwemo ndani ya faili yenyewe. Waraka ambao mpokeaji atahitaji kuuhariri au kuujaza utolewe katika ODF. Uamuzi huo haukuitaja programu ya kununua wala ya kuacha. Mtumishi angeweza kuendelea na programu aliyoizoea, mradi faili inayotoka ofisini kwake isomeke kwa mwananchi asiyekuwa nayo.

Barani Afrika, Afrika Kusini iliiweka ODF mwaka 2007 miongoni mwa viwango vya chini vya mawasiliano kati ya mifumo ya Serikali yake. Kwa upande wa Kiswahili, Desemba 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org. Faili za programu hiyo zilikuwa katika muundo uliokuja kuwa msingi wa ODF. Tafsiri hiyo haikumsubiri mwenye programu aone faida ya soko la wasemaji wa Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi, na wataalamu wa Dar es Salaam wakaifanya wenyewe.

Serikali zinazofuata njia hii leo zinakwenda mbali kuliko Massachusetts ilivyothubutu. Aprili 2024 Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilitangaza kuwa kompyuta takriban 30,000 za Serikali yake zitahamia LibreOffice, programu iliyotokana na OpenOffice.org na inayotumia ODF kama muundo wake wa kawaida.

Kwa mwananchi wa kawaida, viendelezi vya kukumbuka ni .odt kwa barua na taarifa, .ods kwa lahajedwali na .odp kwa mawasilisho. Faili hizo hufunguka kwa LibreOffice, inayopatikana bila malipo, kwa matoleo ya sasa ya Microsoft Office na kwa Google Docs. Katika programu hizo, anayetaka kuhifadhi waraka wake kwa ODF huchagua muundo huo wakati wa kuhifadhi au kupakua faili. Waraka wenye majedwali mengi au nembo ni vema uambatanishwe na nakala ya PDF, kwa sababu fonti isiyokuwepo katika kompyuta ya mpokeaji hubadilishwa na nyingine, na mistari iliyopangwa vizuri husogea hadi ukurasa unaofuata.